Harry Ferguson: Mtoto wa mkulima aliyetaka magurudumu yote manne yafanye kazi

MASIKA yanapoanza katika milima ya Usambara, mfanyabiashara wa viazi au kabichi wa Mtae huwa na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni bei ya mzigo atakayoikuta sokoni. Ya pili ni iwapo gari litafika huko sokoni. Hesabu hii ya pili ndiyo inayowaliza wengi, kwani kabichi iliyolala njiani siku mbili haina mnunuzi, na siku ya gulio ikipita imepita.

Kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni barabara ni ya lami, nyembamba na yenye kona kali. Ukitoka Lushoto kuelekea Mtae kuna zaidi ya kilomita 50 za milima na mabonde, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa mvua ni sabuni. Kwa hiyo gari la mtu wa Mtae lazima lifanye kazi mbili tofauti: kwenda vizuri katika lami siku nyingi za mwaka, na kupanda tope siku chache ambazo ndizo zenye hasara kubwa.

Ndiyo maana mtu akishapata fedha za mavuno mazuri na kutaka kununua gari, swali la kwanza analouliza ni kama achukue lile la kawaida au lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, yaani foo wili. Wapo wanaosema foo wili ni lazima. Wapo wanaosema ni kula mafuta bure.

Katika kulitafutia jibu swali hilo, ni vema tukamtazama mtu ambaye jina lake wakulima wengi wa nchi hii wamelisoma ubavuni mwa trekta bila kujua alikuwa nani. Mtu huyo ni Harry Ferguson, ambaye jina lake ni sehemu ya pili ya Massey Ferguson. Wengi wanamfahamu kwa trekta. Wachache wanafahamu kwamba miaka yake ya mwisho aliitumia, pamoja na fedha zake nyingi, kutafuta gari la kawaida la familia ambalo magurudumu yake yote manne yangefanya kazi wakati wote.

Kijana asiyependa jembe

Harry Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884, katika kijiji cha Growell, jimbo la Down, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake alikuwa mkulima, mtu wa dini na mkali. Watoto katika nyumba hiyo walikuwa 11. Harry aliacha shule akiwa na miaka 14 ili afanye kazi shambani, na tangu mwanzo hakuipenda. Alikuwa na mwili mdogo, na kazi ya kulima kwa farasi katika ardhi yenye maji ilimchosha.

Alikuwa karibu kuhamia Kanada kutafuta maisha pale kaka yake, Joe, aliyekuwa amefungua karakana ya magari na baiskeli mjini Belfast, alipomchukua kama mwanafunzi wa ufundi mwaka 1902. Huko ndiko kipaji chake kilipoonekana. Alijua kusikiliza injini na kuelewa inalalamikia nini.

Alijua pia kutangaza biashara. Alishiriki mashindano ya pikipiki na magari ili watu walijue jina la karakana. Mwaka 1909 alikwenda mbali zaidi: alijitengenezea ndege mwenyewe, na Desemba 31 mwaka huo akairusha huko Hillsborough umbali wa mita 120 hivi. Alikuwa mtu wa kwanza kuruka na ndege yenye injini katika Ireland. Mwaka 1911 alianzisha biashara yake mwenyewe ya magari mjini Belfast.

Uzito si nguvu

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Uingereza ilihitaji chakula kingi huku farasi na vijana wakichukuliwa vitani. Ferguson akaanza kuuza matrekta kutoka Marekani. Mwaka 1917 serikali ilimwomba azunguke Ireland kuangalia jinsi wakulima walivyokuwa wakiyatumia matrekta na kuboresha kazi hiyo. Alikwenda pamoja na fundi wake, William Sands.

Alichokiona hakikumfurahisha. Trekta za wakati huo zilikuwa nzito, na plau ilifungwa nyuma kwa mnyororo kama mkokoteni. Uzito ule uligandamiza udongo na kula mafuta. Tena kulikuwa na hatari: plau ikinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka, trekta likainuka mbele na kumwangukia dereva. Watu walikufa kwa namna hiyo.

Watengenezaji wengi waliamini kwamba dawa ya kuteleza ni kuongeza uzito wa chuma. Ferguson alikataa. Aliona kwamba kinachotakiwa ni magurudumu kushika ardhi, na kwamba mashine nyepesi inaweza kushika ardhi kuliko nzito kama nguvu zake zitaelekezwa mahali panapostahili. Kwa hiyo aliifunga plau moja kwa moja kwenye trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na akaiongoza kwa haidroliki. Plau ilipovuta nyuma, mikono ile iligeuza mvuto huo kuwa uzito juu ya magurudumu ya nyuma, na mkono wa juu ulizuia trekta kuinuka na kupinduka. Hati miliki ya mfumo huo wa haidroliki aliipata mwaka 1926. Leo karibu kila trekta duniani lina mikono hiyo mitatu.

Dereva wa pikapu wa Mtae anaijua kanuni hii hata kama hakusoma habari za Ferguson. Pikapu tupu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma huteleza mlimani kuliko pikapu yenye magunia machache juu ya ekseli ya nyuma. Injini ni ile ile, na kilichobadilika ni jinsi matairi yanavyoshika ardhi.

Mkono aliopeana na Ford

Kupata wazo ni jambo moja, kupata kiwanda ni jingine. Mwaka 1936 Ferguson alianza kuuza trekta lake lililotengenezwa katika kiwanda cha David Brown huko Uingereza, lakini bei ilikuwa juu na wanunuzi wachache. Oktoba 1938 alilipeleka trekta hilo Marekani na kulionyesha kwa Henry Ford, tajiri wa magari, ambaye naye alikuwa mtoto wa mkulima. Ford alilitazama likilima, akavutiwa, na wazee hao wawili wakapeana mikono. Makubaliano yalikuwa kwamba Ford angetengeneza na Ferguson angeuza. Hawakuandikiana mkataba.

Kuanzia mwaka 1939 hadi 1947 zilitengenezwa zaidi ya trekta 300,000 chini ya makubaliano hayo ya mdomo. Kisha Henry Ford akazeeka, kampuni ikaongozwa na mjukuu wake, na mjukuu akaona babu yake alikuwa akitoa faida bure. Makubaliano yakavunjwa, na kampuni ya Ford ikatoa trekta lake lenyewe likiwa na mfumo wa Ferguson ndani yake.

Ferguson alikwenda mahakamani mwaka 1948 akidai zaidi ya dola milioni 250. Kesi ilichukua miaka minne na kumaliza nguvu zake. Mwaka 1952 alikubali kulipwa dola milioni 9.25. Alishinda kwa maana ya kwamba alilipwa kwa haki zake za uvumbuzi, lakini kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kulinganisha na alichodai.

Hapa mnunuzi wa gari lililotumika ana la kujifunza. Magari mengi vijijini huuzwa kwa kupeana mikono, kadi ya gari ikiahidiwa kuja baadaye, na dalali akiapa kwamba gia boksi ni nzima. Kama tajiri mwenye mawakili aliteseka miaka minne kwa kukosa karatasi, mkulima mwenye fedha za msimu mmoja atafanyaje? Andikianeni, shuhudieni, na kadi ipatikane siku ile ile ya malipo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Trekta dogo la kijivu

Wakati akigombana na Ford, Ferguson hakukaa bure. Mwaka 1946 kiwanda cha Standard huko Coventry, Uingereza, kilianza kumtengenezea trekta dogo la rangi ya kijivu lililoitwa TE20. Lilikuwa na uzito wa tani moja na ushee tu. Hadi mwaka 1956 zilikuwa zimetoka zaidi ya 500,000, na zilisambaa katika nchi nyingi.

Ferguson alisisitiza mambo ambayo wauzaji wengi wa mashine huyapuuza. Alifungua shule ya kuwafundisha wauzaji na wakulima namna ya kutumia zana. Alihakikisha nati nyingi za zana zake zinafunguka kwa spana moja iliyouzwa pamoja na trekta. Hoja yake ya kiuchumi ilikuwa kwamba mashine ipunguze gharama ya kuzalisha chakula ili mkulima apate faida na mlaji apate nafuu. Mashine inayoongeza gharama kuliko mapato aliiona kuwa ni mapambo.

Uwezo wa trekta hilo katika utelezi ulionekana mahali ambapo hakuna mtu anayelima. Edmund Hillary wa New Zealand, mmoja wa wawili wa kwanza kufika kilele cha mlima Everest, alizitumia trekta za Ferguson katika theluji ya bara la Antaktiki, zikiwa zimefungwa minyororo badala ya matairi peke yake. Januari 4, 1958 trekta tatu zilifika Ncha ya Kusini ya dunia.

Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha biashara yake na kampuni ya Massey-Harris ya Kanada. Walipotofautiana kuhusu bei, tofauti ikiwa ni dola milioni 1, Ferguson alipendekeza warushe sarafu. Ikarushwa, akashindwa, akacheka na kutia saini. Mwaka uliofuata alijitoa katika uongozi. Jina la kampuni baadaye lilifupishwa kuwa Massey Ferguson.

Magurudumu manne wakati wote

Tangu mwaka 1950 Ferguson alikuwa na kampuni ya utafiti. Ndani yake alikuwepo Tony Rolt, dereva wa mashindano ambaye pamoja na mwenzake Freddie Dixon alikuwa ameanza majaribio ya gari la mashindano la magurudumu manne. Ferguson aliliona wazo hilo kama mwendelezo wa trekta lake: kushika ardhi. Lakini hakulitaka kwa ajili ya msituni wala jeshini. Alilitaka kwa ajili ya mtu wa kawaida anayekwenda kazini, dukani na kanisani katika barabara yenye mvua au theluji.

Foo wili zilikuwepo tayari. Jeep ilikuwa imepigana vita, na Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Tatizo la nyingi za aina hiyo ni kwamba dereva lazima aiweke foo wili mwenyewe anapofika kwenye tope na kuitoa anaporudi kwenye barabara kavu. Sababu ni hii: gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kama ekseli mbili zimefungwa pamoja, kitu fulani lazima kiteleze. Kwenye tope matairi huteleza kidogo na hakuna madhara. Kwenye lami kavu matairi hung'ang'ania, na mzigo wote huangukia gia boksi, shafti na difu.

Ferguson na wahandisi wake waliweka difu ya tatu katikati, baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ili kila moja izunguke kwa mwendo wake kwenye kona. Lakini difu ya kawaida ina kasoro: tairi moja likiteleza, nguvu yote hukimbilia huko huko inakopotea. Kwa hiyo waliongeza kifaa kilichozuia ekseli moja kuzunguka ovyo. Matokeo yakawa gari linaloendeshwa na magurudumu manne saa zote, kwenye lami na kwenye tope, bila dereva kugusa kitu.

Hawakuishia hapo. Waliona kwamba kushika ardhi wakati wa kwenda ni nusu ya kazi, na kwamba nusu nyingine ni kushika ardhi wakati wa kusimama. Magari yao ya majaribio yalifungwa pia breki zisizokaza tairi likaburuzika, kwa kutumia kifaa kilichotokana na breki za ndege.

Viwanda vikubwa vilikuja, vikatazama, vikasifu na kuondoka. Waliona gharama ni kubwa na wanunuzi wataridhika na magurudumu mawili. Harry Ferguson alifariki nyumbani kwake Abbotswood, Uingereza, Oktoba 25, 1960, akiwa na umri wa miaka 75, bila kuona gari lake likiuzwa.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1961, Stirling Moss alilishinda shindano la Oulton Park kwa gari la Ferguson la magurudumu manne. Mwaka 1966 kampuni ya Jensen ilitoa gari la anasa lenye mfumo wa Ferguson pamoja na breki zile. Yalitengenezwa 320 tu, kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa. Lakini mbegu ilikuwa imepandwa. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na foo wili ya wakati wote. Subaru ilianza kuuza foo wili yake ndogo mwaka 1972, na Audi ikafuata na Quattro mwaka 1980. Toyota RAV4 ilitoka mwaka 1994, Subaru Forester mwaka 1997. Huko Ulaya na Japani watu huyanunua magari ya namna hiyo ili yawapeleke milimani kwenye theluji mwishoni mwa wiki na kazini siku za kawaida. Yakishatumika huko, mengi huishia katika barabara zetu.

Hesabu ya mtu wa Mtae

Tope la Usambara na theluji ya Ulaya ni ndugu, kwani vyote viwili huondoa mshiko. Basi mtu wa Mtae achague nini? Ferguson angeanza na kazi, kisha gharama.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mfanyabiashara anakwenda Lushoto mara mbili kwa wiki, yaani safari 100 hivi kwa mwaka. Foo wili inamwongezea Sh10,000 kwa kila safari kwa mafuta, matairi na vipuri. Kwa mwaka ni Sh1,000,000. Gari la kawaida nalo, kila likikwama, linamgharimu Sh150,000 kwa mzigo kuharibika, vijana wa kusukuma na gulio lililopotea. Kama linakwama mara 8 kwa mwaka, hasara ni Sh1,200,000, na foo wili inalipa. Kama linakwama mara 4, hasara ni Sh600,000, na foo wili ni mzigo. Kila mmoja aweke tarakimu zake. Asiyejua gari lake la sasa lilikwama mara ngapi mwaka jana aanze kuandika kabla ya kununua.

Kisha aina. Anayebeba magunia kila siku katika njia mbaya anahitaji gari la kazi, kama Hilux au Land Cruiser ya pikapu, lenye gia nzito ya kupandia na kuteremkia mlima. Akumbuke tu kwamba nyingi kati ya hizo ni foo wili ya kuweka na kutoa, na akifika kwenye lami kavu aitoe. Anayebeba familia na matenga machache, na ambaye safari zake nyingi ni za lami, anaweza kutosheka na RAV4 au Forester, ambayo inatumia mafuta kidogo kuliko gari kubwa. Lakini magari haya kwa kawaida hayana gia nzito, na tumbo lake liko chini. Mfereji mmoja wa masika unaweza kulipasua.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ainame na kutazama uvunguni. Zipo RAV4 zinazosukumwa na magurudumu mawili ambazo dalali huziita foo wili. Kama hakuna shafti inayokwenda ekseli ya nyuma pamoja na difu yake, hiyo si foo wili. Aangalie pia matairi: gari la foo wili ya wakati wote linataka matairi manne ya ukubwa mmoja na yaliyolika kwa kiwango kinachokaribiana. Matairi yasiyolingana hulifanya lile difu la katikati lifanye kazi bila kupumzika hadi life, na bei yake ni kubwa.

Tairi lenye meno mazuri lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Gari la kawaida lenye matairi mapya na mzigo uliopangwa vizuri linaweza kupita mahali ambapo foo wili yenye matairi ya upara imekwama. Kwa mwenye mtaji mdogo, kuanza na matairi ni uwekezaji wa busara zaidi.

La mwisho ni mteremko. Foo wili hukusaidia kupanda, haikusaidii kusimama. Dereva anayejiamini kwa sababu gari limepanda bila shida ndiye anayekutwa korongoni wakati wa kushuka. Ferguson alitumia fedha zake kutafuta breki bora kwa sababu alilijua hilo. Katika kona za kutoka Mtae, teremka kwa gia ndogo, injini ilishike gari, na breki zikaguliwe kabla ya masika, kabla hata ya kuuliza bei ya viazi.